Prado, Jimny, Escudo au RAV4: Namna ya Kulinganisha Magari ya 4x4 kwa Njia Mbovu na kwa Safari za Kila Siku

Kila masika yanapokaribia, maswali yaleyale hunifikia kwa simu: je, RAV4 itafika Mloka kule Rufiji, je, Jimny itaitosha familia ya watu wanne, je, ni busara kuuza kiwanja ili kununua Prado? Mara nyingi anayeuliza ameshaliona gari yadi, ameshalipenda rangi, na anatafuta mtu wa kumwambia alilipie. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika hapa utaratibu ninaoufuata mimi mwenyewe ninapoombwa kumsindikiza mtu kwenda kuangalia gari.

Mifano yangu ni ya magari yanayoulizwa zaidi hapa Tanzania, na ambayo jirani zetu wa Kenya nao wanayajua vizuri: Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha 150 kilichotoka mwaka 2009, Suzuki Jimny ya kizazi cha mwaka 2018, Suzuki Escudo ya kizazi cha mwaka 2005 ambayo nchi nyingine huiita Grand Vitara, na Toyota RAV4 pamoja na Nissan X-Trail ambazo nitaziweka kapu moja. Kama gari lako halimo humo, hatua ni zilezile.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Utahitaji futi ya chuma ya mita tatu au zaidi, daftari, tochi, gunia au mkeka wa kulalia chini ya gari, kipimo cha upepo wa matairi, na simu yenye kikokotoo. Tafuta pia sehemu tatu za kufanyia majaribio zisizo mbali na muuzaji: kipande cha lami chenye nafasi ya kukimbia hadi kilomita 80 kwa saa, barabara ya vumbi au ya changarawe, na ukingo wa barabara au tuta lenye kimo cha sentimita 20 hivi. Tenga angalau saa mbili kwa kila gari. Muuzaji asiyekubali ulale chini ya gari lake kwa dakika kumi ameshakujibu, na unaweza kwenda kwa mwingine.

Hatua ya 1: Andika njia zako kabla ya kutaja gari lolote

Fungua daftari na uandike mwaka wako ulivyo kweli, kwa siku. Mtu anayeishi Dar es Salaam anaweza kukuta ana siku 300 za foleni za mjini, siku 40 za barabara kuu, na siku 25 tu za njia mbovu. Kisha andika njia moja iliyo mbaya kuliko zote unazolazimika kupita, na uieleze kwa undani: ni mchanga, ni udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ulimbo, ni mawe ya mlimani, au ni vumbi la kawaida lenye mashimo? Unaipita kiangazi tu, au hata mvua ikinyesha?

Njia hiyo moja itakuwa chujio. Gari lisiloweza kuipita linaondoka kwenye orodha, hata kama ni zuri kiasi gani. Yale yanayobaki utayapambanisha kwa siku zile 340 za kawaida, kwa sababu ndizo zitakazokula mafuta yako, mgongo wako na fedha zako. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: hununua gari la kushinda njia ambayo hawajawahi kuipita, kisha huilipia ndoto hiyo kila asubuhi kwenye foleni ya Ubungo.

Hatua ya 2: Tambua aina ya 4x4 iliyomo ndani

Kibandiko cha 4WD kwenye mlango wa nyuma hakikuambii kitu. Magari haya yana mifumo tofauti kabisa, na tofauti hii ina uzito kuliko nyingine zote.

Jimny ina wenzo wenye alama za 2H (magurudumu mawili), 4H (manne) na 4L (manne kwa gia nzito). Kwa kawaida huendeshwa na magurudumu ya nyuma, na dereva ndiye anayeunganisha ya mbele. Ukiwa kwenye 4H, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja bila difu ya katikati (gia zinazoziachia ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona), ndiyo maana hairuhusiwi kuendeshwa hivyo kwenye lami kavu. Prado ya 150 huzungusha magurudumu yote manne muda wote, ina difu ya katikati inayoweza kufungwa, na ina gia nzito. Escudo nyingi za kizazi nilichotaja zina kitufe cha kuzungusha chenye 4H, 4H Lock na 4L Lock, yaani nazo zina difu ya katikati na gia nzito, jambo ambalo watu wengi hawalijui kwa sababu ya sura yake ya upole. Angalia kitufe hicho kwa macho yako, kwani zipo Escudo zisizokuwa nacho.

RAV4 na X-Trail huendeshwa zaidi na magurudumu ya mbele, na kifaa maalumu hupeleka nguvu nyuma pale mbele kunapoteleza. Nyingi zina kitufe cha LOCK, lakini zote hazina gia nzito. Kwenye RAV4 ya kizazi cha mwaka 2005, LOCK hujiondoa yenyewe gari linapozidi kilomita 40 kwa saa.

Gia nzito ina kazi gani? Hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta. Kwenye Prado ya 150 uwiano wake ni 2.566, na kwenye Jimny ni kama 2, maana yake gari hutambaa polepole na injini hukushikilia unapoteremka bila kuchoma breki. Kama njia yako ina miteremko mikali ya mawe, au mchanga mzito wa masafa marefu, liandike hili kuwa sharti. Kama njia yako ni vumbi lenye mashimo na matope ya hapa na pale, si sharti.

Onyo: usiingie kwenye mchanga mrefu kwa kutegemea kitufe cha LOCK pekee. Kifaa cha kugawa nguvu hupata moto kikifanya kazi kwa muda mrefu, taa huwaka kwenye dashibodi, na gari hubaki na magurudumu mawili palepale unapoyahitaji manne.

Hatua ya 3: Lala chini ya gari na upime

Tandika gunia, ingia chini kwa upande wa nyuma, na umulike kwa tochi. Kwenye Jimny na Prado, kitu cha kwanza kukutazama kitakuwa tufe la difu likining'inia katikati ya ekseli ya nyuma. Mara nyingi hapo ndipo penye kimo kidogo zaidi. Simamisha futi ardhini na usome. Kwenye RAV4 na magari ya jamii yake, angalia bomba la egzosi na sehemu ya chini ya injini, na ubonyeze kwa kidole kile kifuniko cha plastiki ambacho wauzaji hukiita ngao. Kikibonyea, si ngao.

Jimny ya mwaka 2018 ina kimo cha milimita 210 kwa takwimu za kiwanda, na Prado ya 150 iko karibu na 220. Utaona tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani. Kinachozitenganisha ni pembe.

Pembe ya kuingilia ni mwinuko ambao gari linaweza kuukabili bila bampa kugonga. Pima kimo cha ukingo wa chini wa bampa ya mbele kutoka ardhini, kisha pima umbali wa mlalo kutoka hapo hadi pale tairi linapogusa ardhi. Gawanya kimo kwa umbali. Kwa mfano, kimo cha sentimita 45 kwa umbali wa sentimita 60 hutoa 0.75, na kitufe cha tan⁻¹ kwenye kikokotoo cha simu kitakuambia kuwa hiyo ni pembe ya nyuzi 37 hivi. Fanya vilevile nyuma. Kipimo hiki si cha maabara, lakini ukikifanya kwa namna ileile kwenye kila gari, ulinganisho wako utakuwa wa haki. Suzuki huitangaza Jimny hiyo kuwa na nyuzi 37 mbele na 49 nyuma. Prado ina takriban 32 mbele na 25 nyuma, na hiyo 25 ndiyo inayoeleza kwa nini Prado nyingi za safari zina mikwaruzo kwenye bampa ya nyuma.

Pima pia umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Jimny ya milango mitatu ina milimita 2,250, na Prado ya milango mitano ina 2,790. Kadiri umbali huu unavyokuwa mrefu, ndivyo tumbo la gari linavyokuwa rahisi kukalia kichuguu au mgongo wa katikati ya barabara iliyochimbwa na malori. Umbali huohuo mrefu, hata hivyo, ndio unaolituliza gari kwenye lami. Jimny ya milango mitano iliyotoka India mwaka 2023 imeongezwa milimita 340 hapo katikati, ikapata nafasi ya buti na kupoteza sehemu ya wepesi wake wa kuvuka matuta.

Kosa la kawaida: kupima gari lililonyanyuliwa kwa springi ndefu na kulilinganisha na lililo katika hali ya kiwandani. Muulize muuzaji, kisha angalia mwenyewe kama springi na shokapu ni za asili. Gari lililonyanyuliwa ovyo hupita mawe vizuri na huyumba kwenye kona za mlima Kitonga.

Hatua ya 4: Pandisha gurudumu moja

Pandisha gurudumu moja la mbele kwenye ukingo wa sentimita 20 na usimame. Shuka uzunguke gari. Je, matatu yaliyobaki yamekaa imara, au la nyuma la upande wa pili limeanza kuelea? Jimny ina ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hiyo gurudumu moja likipanda, lenzake husukumwa chini kuitafuta ardhi. Prado ina ekseli nzima nyuma tu. Escudo, RAV4 na X-Trail, kila gurudumu lina mkono wake. Hupendeza kwenye lami, lakini gurudumu huelea mapema kwenye makorongo.

Gurudumu linaloelea hula nguvu yote na kuzunguka bure, isipokuwa gari liwe na difu loki (kifungio cha difu ya ekseli) au mfumo wa kulibania breki. Kwa hiyo uliza kama mfumo huo upo, na hakikisha taa yake kwenye dashibodi huwaka unapowasha gari na kisha kuzimika. Taa isiyowaka kabisa mara nyingi imetolewa balbu ili ugonjwa usionekane.

Hatua ya 5: Soma tairi kabla ya kusoma bei

Tairi ni kama nusu ya uwezo wa gari njiani, na ni kitu cha mwisho ambacho wanunuzi hukitazama. Namba za ubavuni husomwa hivi: 265/65R17 maana yake upana ni milimita 265, na ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. Tairi la Jimny la 195/80R15 lina ubavu wa milimita 156. RAV4 yenye 235/55R18 ina ubavu wa milimita 129 tu, na rimu zake kubwa zinazong'aa ndizo zitakazopinda kwenye jiwe la kwanza.

Ubavu mrefu hukupa nafasi ya kupunguza upepo. Kwenye mchanga, teremsha hadi psi 18 hivi, na tairi litatandazika na kuelea juu badala ya kuchimba. Niliwahi kukaa saa tatu kwenye mchanga karibu na Mloka, nikifukua kwa sahani ya chakula, hadi mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli aliponiuliza kwa nini magurudumu yangu ni magumu kama ya tela. Tulitoa upepo kwa kijiti, gari likatoka lenyewe kwa 4L. Kosa lilikuwa langu. Gari halikuwa na hatia.

Onyo: usishuke chini ya psi 15 bila uzoefu, kwani tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona. Usipande lami kwa kasi kabla hujarudisha upepo. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni sehemu ya bei ya gari, iandike.

Hatua ya 6: Liendeshe kama utakavyoliendesha Jumatatu

Sasa sahau matope. Endesha mjini, geuza gari kwenye barabara nyembamba, liegeshe. Jimny hugeuka kwa nusu kipenyo cha mita 4.9 na Prado kwa mita 5.8, ukiwa Kariakoo saa sita mchana tofauti hiyo utaihisi mabegani. Kisha ingia barabara kuu ukiwa na abiria wote utakaowabeba kwa kawaida, si peke yako. Injini ya Jimny ni ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 102. Inatosha kabisa kwa mtu mmoja au wawili, lakini ukiwa na watu wanne na mizigo, kulipita lori la mafuta kwenye mlima wa barabara ya Morogoro ni jambo la kupanga mapema.

Fungua buti. Jimny viti vya nyuma vikiwa vimesimama hubakiwa na lita 85, yaani mabegi mawili ya shule na dumu la maji. Watoto wawili na safari ya Lushoto ya siku nne haviingii humo bila kufunga kitu juu ya paa. Escudo ya milango mitano hapa hunifurahisha: watu watano wanakaa, mizigo inaingia, na gia nzito bado ipo. Kwa maoni yangu ndilo gari lisilothaminiwa ipasavyo kuliko yote katika orodha hii, ingawa linakunywa mafuta kwa ukubwa wake.

Hatua ya 7: Hesabu gharama kwa namna moja

Usiulize gari "linakula vipi". Kila mmiliki hudanganya, hata kwa nia njema. Kama kuna mtu wako wa karibu mwenye gari hilo, mwombe ajaze tangi hadi juu, aandike kilomita, aendeshe wiki yake ya kawaida, kisha ajaze tena hadi juu. Kilomita 378 zikigawanywa kwa lita 42 ni kilomita 9 kwa lita. Hesabu hii moja ina thamani kuliko hadithi kumi.

Ongeza bei ya tairi tano za ukubwa wake, shokapu nne, na upatikanaji wa spea katika mji unaoishi. Kwa anayeagiza kutoka Japani, injini inayozidi cc 2,000 huingia daraja la juu la ushuru wa bidhaa Tanzania, na gari kongwe huongezewa ushuru wa uchakavu; kwa Kenya, gari lenye umri unaozidi miaka 8 haliingii kabisa. Prado ya dizeli huvuta vizuri na hutumia mafuta kwa kiasi, lakini nozeli zake hazisamehi mafuta machafu ya dumu.

Hatua ya 8: Jaribu gia nzito kwa sikio

Ukiwa kwenye barabara ya vumbi, simamisha gari kabisa, weka gia kuu kwenye N, kisha ingiza 4L. Subiri taa iache kupepesa na itulie. Endesha mita 50 kwa mwendo wa kutembea, madirisha yakiwa wazi na redio imezimwa. Mvumo wa gia ni kawaida. Mgongano wa chuma kila unapoachia mafuta si kawaida. Gari lililokaa miaka mingi mjini bila kuingizwa 4L linaweza kukataa kabisa, na muuzaji atakuambia "halijazoea tu". Mwambie alizoeshe kwanza, wewe utarudi wiki ijayo.

Mwisho, mwombe fundi afungue kizibo cha difu. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiwa na maji, maana yake gari limeogelea.

Hatua ya 9: Chuja, kisha toa alama

Ondoa magari yaliyoshindwa na njia yako mbaya. Kwa yaliyobaki, toa alama 1 hadi 10 kwa mjini, barabara kuu na njia mbovu, uzidishe kila alama kwa idadi ya siku ulizoandika, kisha ujumlishe. Familia ya Dar inayokwenda Mikumi na Lushoto kiangazi itakuta RAV4 inaongoza, na isione haya. Mwenye shamba juu Uluguru anayesafiri na mtu mmoja ataishia kwenye Jimny. Anayebeba watu saba hadi Mloka katikati ya mvua hana ujanja, ni Prado.

Matatizo yanayojitokeza wakati wa majaribio

Usukani unatikisika vikali kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Hutokea zaidi kwa magari yenye ekseli nzima mbele. Anza na balansi ya matairi, kisha kagua bushi na beringi za kingipini (kiungo cha kugeuzia gurudumu la mbele). Hutibika, lakini shusha bei kwanza.

Gari linakuwa zito kwenye kona, kana kwamba breki zimeshika. Uko kwenye 4H ya Jimny au difu ya katikati imefungwa, na ardhi ni ngumu. Rudi 2H au ufungue difu mara moja, la sivyo utavunja gia.

Kijito kimekatiza barabara ya majaribio. Toyota huipa Prado ya 150 kina cha milimita 700 kwa maji yaliyotulia. Magari mengine ya hapa yachukulie kuwa na kina kidogo zaidi, na yote yasiingie kwenye maji yanayokimbia. Ukivuka, jaribu breki mara kadhaa ukiwa bado taratibu.

Gia nzito imeingia lakini haitaki kutoka. Usilazimishe wenzo. Simama, weka N, rudi nyuma mita mbili au tatu kwa mstari ulionyooka ili mkazo ulegee, kisha ujaribu tena. Ikikataa mara ya tatu, mkabidhi muuzaji ufunguo akiwa palepale kwenye vumbi, kabla hujakubali kulirudisha kwenye lami.